Kijana Aliyeimba Jibu

Kinanda cha kanisa letu hapa Umoja, Nairobi, kina kibonye kimoja kilicholegea, E ya juu. Ukikibonyeza kinalia vizuri, ila hakirudi mahali pake mpaka ukiinue kwa kidole. Kwa hivyo nyimbo fupi ninazotunga kwa ajili ya mazoezi ya Jumamosi huwa zinakikwepa. Ule wa siku hiyo ulikuwa na vipimo vinne, mapigo sita kwa kila kipimo, doh, sauti ya nyumbani ya wimbo, ni G, bila noti ya la (ambayo hapo ni E) hata moja.

Aliyekaa upande wa pili wa kinanda ni kijana wa kidato cha nne. Anaimba sauti ya tatu katika kwaya yetu, na Muziki ni mojawapo ya masomo atakayofanyia KCSE mwaka huu. Mbele yake palikuwa na penseli iliyochongwa vizuri, kifutio, na karatasi ya mistari mitano mitano.

"Rudia mara moja tu, mwalimu."

Nikarudia. Alikuwa amefumba macho. Nilipomaliza aliuimba wote, pamoja na ule mruko wa kipimo cha tatu niliouweka makusudi ili nimtege. Kisha akaniomba niupige tena, na safari hii akashuka chini ya wimbo akaimba sauti ya pili aliyoitunga papo hapo. Ilikubaliana na wimbo kila mahali.

Karatasi bado ilikuwa nyeupe.

"Haya, andika hicho ulichoimba."

Akaishika penseli, akaiweka kwenye mstari wa pili, akaiondoa. "Mwalimu, nikisikiliza, iko. Nikiangalia hapa, haiko."

Maneno hayo yamenikaa kichwani kwa wiki nyingi sasa. Yamenifuata kazini, yamenifuata kwenye matatu, na yamenifanya nibishane na watu ninaowaheshimu. Naandika ili niyatoe.

Anapimwa nini hasa?

Waliopitia somo hili wanajua kwamba mtihani wake una karatasi tatu: ya vitendo, ya kusikiliza na ya nadharia. Kwenye vitendo sina wasiwasi na kijana huyu. Mpe wimbo wa kiasili, mpe wimbo wa Kizungu wenye kinanda nyuma yake, atasimama aimbe na mtahini atatikisa kichwa kwa kuridhika. Nadharia inasomeka: historia ya watunzi, ala za Kiafrika, kuandika sauti nne, kuchambua nyimbo teule. Ukikaa na vitabu, unasogea.

Ni ile ya kusikiliza inayoniuma.

Rekodi inachezwa. Mtahiniwa anasikia mdundo, anauandika. Anasikia wimbo, anauandika. Anasikia sauti mbili zikifuatana na kutaja umbali ulio kati yake. Anasikia msemo wa muziki ukifikia mwisho na kusema ni mwisho wa aina gani. Anasikia kipande kikianza kwenye doh moja na kuhamia nyingine, na anatakiwa ajue kimehamia wapi.

Sasa mchukue kijana wangu na umweke kando ya mwenzake ambaye hawezi kushika wimbo hata ukiupiga kutwa. Wote wawili watapeleka karatasi nyeupe, na msahihishaji hana njia ya kuwatofautisha. Karatasi inayoitwa ya kusikiliza itasema kwamba mmoja wa wasikilizaji hodari zaidi niliowahi kukutana nao hasikii.

Siku za mwanzo jambo hili lilinikasirisha kabisa. Nilijiambia mistari hii mitano ilikuja na meli, ikatukuta tukiimba, na bado inatusahihisha. Nilimwambia hivyo rafiki yangu mmoja anayefundisha muziki kwenye shule ya kimataifa huko upande wa magharibi mwa jiji. Yeye huandaa wanafunzi wa A Level, mtihani wa mfumo wa Uingereza: darasa la watoto wachache, vyumba vya mazoezi vyenye milango inayozuia sauti, kila mmoja na ala yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza swali moja.

"Je, kwaya yenu husoma nini?"

Tunachosoma

Kwaya yetu husoma solfa.

Kama umekulia kwenye makanisa ya nchi hii unaijua bila kuelezwa: herufi d, r, m, f, s, l, t zimepangwa chini ya maneno, nukta mbili zikitenganisha mapigo, vistari vikivuta sauti, kialama cha chini kikionyesha sauti ya chini na cha juu kikionyesha ya juu. Mwalimu wa kwaya anaandika ubaoni kwa chaki, sauti nne, na kufikia saa kumi jioni wimbo umeshikika. Kuna akina mama kwenye kwaya yetu ambao hawajawahi kugusa kinanda na wanasoma solfa haraka kuliko wanavyosoma ujumbe wa simu.

Nayo pia ilikuja na meli, hilo lazima nilikubali. John Curwen, mchungaji wa Uingereza wa karne ya 19, aliiendeleza kutokana na mbinu ya mwalimu mwanamke aliyeitwa Sarah Glover, na wamishonari wakaieneza walikokwenda. Lakini tuliipokea tukaifanya ya nyumbani. Tamasha za muziki za Kenya zimekuwapo tangu 1927, na kwaya ngapi za shule na za makanisa zimefika huko zikiwa na karatasi za solfa mikononi!

Kwa hivyo hasira yangu juu ya mistari mitano ilikuwa na tundu. Kilichokuja kutoka ng'ambo si lazima kibaki cha wageni. Swali halikuwa mistari imetoka wapi. Swali lilikuwa mtoto huyu anaifikiaje.

Jumamosi iliyofuata nilimpigia wimbo mwingine wa vipimo vinne. Sikumpa karatasi ya mistari. Nilimpa ukurasa mtupu wa daftari la kawaida.

"Andika solfa."

Aliandika kipimo cha kwanza nikiwa bado napiga cha tatu.

Nilitazama penseli ikienda. Hakuwa anafikiri herufi moja moja. Alikuwa anaandika vikundi, kama unavyoandika jina lako. Pale ambapo sauti ilivutwa aliweka kistari. Alikosea mahali pamoja tu, kwenye urefu wa noti ya mwisho, na aliligundua kosa mwenyewe alipoimba alichokiandika.

Niliinuka nikatoka nje kidogo. Nilihitaji kutembea.

Mwaka mzima mtoto huyu ameambiwa kwamba hawezi kuandika muziki. Anaandika muziki tangu akiwa Sunday School. Hakuna aliyemuuliza.

Kutoka herufi hadi mistari

Kuanzia hapo kazi yetu ilibadilika. Doh ni G, na G inakaa juu ya mstari wa pili. Basi re inakaa kwenye nafasi inayofuata, mi mstari wa tatu, fa nafasi, so mstari wa nne. Anaandika solfa kwanza, kisha anahamisha. Baadaye nikamwambia asiandike solfa, aisikie tu kichwani na kuweka noti moja kwa moja. Doh ikihama, mistari yote inahama nayo: doh ni F, unaanzia nafasi ya kwanza, doh ni D, unaanzia chini ya mstari wa kwanza. Alichekelea alipoona kwamba nyumba ni ile ile, mlango tu ndio umesogezwa.

Shuleni alianzishwa kinyume. Alikaririshwa ule msemo wa Kiingereza wa majina ya mistari, kisha majina ya nafasi, kisha thamani za noti, kisha alama za vipandisho na vishusho kwa mpangilio wake. Yote ni kweli na yote yanahitajika. Lakini ukimfundisha mtoto majina ya mistari kabla ya kuunganisha mistari hiyo na sauti ambazo tayari ziko kooni mwake, unamfundisha kuchora.

Sisemi walimu ni wazembe. Mwalimu mmoja, vidato vinne, kinanda kimoja, na filimbi za plastiki zinazopigwa na darasa zima kwa wakati mmoja! Hata hivyo naamini kwa dhati kwamba solfa ingepaswa kuwa hatua ya kwanza kwenye kila darasa la muziki la nchi hii, na si kitu cha kanisani kinachoachwa langoni.

Rafiki yangu wa A Level hakubaliani nami kikamilifu. Anasema solfa inamzoesha mtoto kuegemea doh, na siku atakapokutana na muziki usio na doh iliyo wazi, atapotea. Ana hoja. Wanafunzi wake wanatunga, wanarekodi maonyesho yao, wanachambua muziki wa karne ya 20 ambao ungemvuruga kijana wangu. Wengi wao waliingia darasani kwake wakiwa wamepitia mitihani ya ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza, ngazi baada ya ngazi. Anayetaka kufanya ngazi ya nane ya kupiga ala sharti kwanza apite nadharia ya ngazi ya tano, au kingine kinachokubaliwa badala yake, kwa hiyo kusoma mistari kwao ni jambo la utotoni.

Lakini ni yeye mwenyewe aliyeniambia, bila kuulizwa, kwamba ukiwanyang'anya karatasi wengi wao hunyamaza. Wape wimbo kwa sikio, uwaombe watie sauti ya pili, wanatazamana.

Babu

Hapa ndipo mambo yalipogeuka tena, na mimi sikuwa nimejiandaa.

Siku moja kijana alifika na simu yake akanichezea rekodi. Babu yake wa upande wa mama, huko Siaya, akipiga nyatiti nyumbani. Nyuma yake unasikia kuku, unasikia mtoto akikohoa, unasikia kikombe kikiwekwa mezani. Alikuwa ameirekodi likizoni.

"Mwalimu, nataka kuiandika hii."

Haimo kwenye mtihani wake. Nilitaka kumwambia tumalize kwanza ya mtihani. Nilipoangalia uso wake niliachana na hilo.

Nyatiti ina nyuzi nane. Mpigaji anakaa chini kwenye kiti kifupi, anadonoa nyuzi kwa vidole, na wakati huo huo kidole gumba cha mguu wake kina pete ya chuma, oduong'o, anayoigonga kwenye mbao ya ala. Kwenye mguu anaweza pia kufunga njuga, gara. Juu ya hayo yote anaimba. Mtu mmoja, kazi nne.

Kijana alianza na anachokijua, sauti ya babu. Aliiandika kwa solfa, akaihamishia kwenye mistari. Ilimchukua nusu saa. Kisha akaanza nyuzi, na hapo penseli ilipunguza mwendo. Kisha pete. Alipoweka pete kwenye mstari wake peke yake, chini ya nyuzi na chini ya sauti, alisimama.

"Hazianzi pamoja."

Tukarudia rekodi. Tukairudia tena. Alikuwa amesikia wimbo huo tangu utotoni na daima alidhani babu anapoanza kuimba ndipo pigo la kwanza lilipo. Pete inasema la. Pete ina pigo lake, na babu anaingia kabla yake kidogo, kila ubeti, bila kukosea. Kila kipimo alichokuwa amekichora kilikuwa mahali pasipo pake. Alifuta ukurasa mzima na kuanza upya, na sijawahi kumwona mtoto akifuta kazi yake kwa furaha namna ile.

"Miaka yote hii nilikuwa naimba na babu na sikuijua," akasema.

Nikikumbuka siku hiyo, siwezi tena kusema kwamba karatasi haina kazi kwa mtu mwenye sikio. Sikio lake lilikuwa limeupokea wimbo kwa ujumla wake. Ni kuuandika, mstari kwa mstari, kulikomlazimisha kuuliza kila kitu kinaingia lini. Alimsikia babu yake upya.

Halafu yakaja matatizo. Kuna noti moja ambayo babu huifikia karibu na mwisho wa kila ubeti. Si mi. Si ile iliyo chini ya mi. Ipo katikati, na babu hajakosea, maana huifikia pale pale kila mara na uzi unaikubali. Kinanda chetu hakina sauti hiyo. Mistari mitano haina mahali pake. Tulijaribu kuiandika kama mi, ikasikika kama wimbo wa shule ya chekechea. Tukaiandika kama mi iliyoshushwa, ikawa na huzuni ambayo babu hakuikusudia.

Mwishowe kijana aliiandika kama mi na kuchora mshale mdogo juu yake unaoelekea chini. Nilimwambia wako wataalamu wa muziki wa kiasili wanaofanya hivyo hivyo. Alifurahi sana.

Walioandika kabla yetu

Tangu siku hiyo nimekuwa nikifikiria wimbo wa taifa zaidi ya kawaida. Sote tunajua ulitokana na bembelezi ya Wapokomo, na kwamba Mzee Meza Morowa Galana ndiye anayetajwa kuwa chanzo chake. Mwaka wa 1963 jopo la watu watano, Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, liliuchukua ule wimbo wa kumlaza mtoto na kuufanya kitu ambacho bendi inaweza kupiga na uwanja mzima kuimba kwa pamoja.

Walihitaji masikio ya kuusikia wimbo ulivyo. Walihitaji pia mkono wa kuuandika ili bendi isiyowahi kufika Mto Tana iweze kuupiga. Ukiondoa kimojawapo, hakuna wimbo wa taifa, au uko mwingine kabisa.

Na ninajiuliza: pale walipokuwa wakiandika, ni noti gani ya bembelezi ile waliyolazimika kuisogeza juu au chini ili ikae kwenye mistari? Lazima waliwahi kusimama mbele ya noti kama ile ya babu.

Mama yake

Wengi watadhani nitaeleza hapa jinsi mzazi alivyopinga muziki. Sivyo ilivyokuwa.

Mama yake ana kibanda cha nguo Gikomba. Mwanawe alipochagua masomo, Muziki na Biashara vilikuwa kundi moja la masomo ya KCSE, na kwenye ratiba ya shule yake ilibidi achague moja. Ungetegemea mfanyabiashara amsukume kwenye Biashara. Yeye alifika shuleni na swali moja: mwalimu wa muziki yupo, na atakuwepo mpaka mtihani?

Akaambiwa yupo.

Mwalimu alihamishwa mtoto akiwa kidato cha tatu. Mwingine hakuja. Darasa likabaki na vitabu na kiongozi wa darasa aliyewasomea kwa sauti. Ndiyo maana mama huyu alinisimamisha nje ya kanisa baada ya ibada akaniuliza, kwa heshima sana, "Mwalimu, nasikia wewe ulilifanya hili somo. Jumamosi huwa unafanya nini?"

Nimesikia mijadala mingi kuhusu kama muziki unalipa. Watu hutaja bendi ya polisi, hutaja jeshi, hutaja vyuo vikuu vya Kenyatta na Maseno vinavyofundisha shahada yake, wengine hutaja studio. Ni mjadala halali. Lakini swali la mama huyu ndilo lililopaswa kutangulia, na kati ya watu wote waliohusika na masomo ya mtoto huyu, ni mwenye kibanda cha mitumba peke yake aliyeliuliza.

Wanaoingia sasa

Nisingeandika haya kwa urefu hivi kama ingekuwa habari ya mtoto mmoja. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 unaaga, watahiniwa wake wa mwisho wa KCSE ni wa 2027. Januari mwaka huu wa 2026, wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia sekondari pevu, na mbele yao kulikuwa na mikondo mitatu: ya sayansi na teknolojia, ya sayansi za jamii, na ya sanaa na michezo. Makadirio ya serikali yalikuwa kwamba asilimia 60 wangefuata ule wa kwanza, 25 wa pili na 15 wa tatu.

Hii asilimia 15 inanipa matumaini na inaninyima usingizi.

Matumaini, kwa sababu Muziki na Densi sasa ni somo ambalo mtoto anaweza kuliweka katikati ya miaka yake mitatu ya mwisho, pamoja na mengine mawili ya kuchagua, juu ya yale ya lazima. Wazee wetu waliosoma kidato cha tano na cha sita wataikumbuka hali hiyo ya kushika masomo matatu na kuyachimba. Na kuunganisha muziki na densi ni sahihi kwetu. Nani alishawahi kuona isukuti, ngoma ya Waluhya, ikipigwa na watu wamesimama wima?

Usingizi, kwa sababu ya kilicho chini yake. Tangu 2024, sanaa za maonyesho, sanaa za kuchora na michezo zimeunganishwa kuwa somo moja kwenye sekondari ya msingi. Mwalimu aliyesomea riadha atafundisha mdundo, na aliyesomea uchoraji atafundisha mpira wa vikapu. Wapo watakaojitahidi ajabu. Lakini mtoto anayefika Gredi ya 10 akiwa amepata muziki kwa vipindi vya hapa na pale, kisha akakabidhiwa karatasi ya mistari mitano, atasema yale yale niliyoambiwa Umoja. Nikisikiliza, iko. Nikiangalia, haiko.

Sisi tuliosoma zamani kidogo tunakumbuka kwamba muziki ulikuwa kwenye KCPE, pamoja na sanaa na ufundi, kabla ya kuondolewa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mtihani ule ulikuwa na kasoro zake. Ila kila mtoto wa darasa la nane, wa Kibera na wa Karen, alikuwa ameiona noti.

Kuna wanaopendekeza njia ya mkato: ondoeni uandishi, acheni watoto waimbe, wapige, warekodi kwa kompyuta. Nimeipima hoja hii kwa makini kwa sababu siku za mwanzo nilikuwa upande wake. Naikataa sasa. Tukiiondoa, watoto wa rafiki yangu wataendelea kuandika, maana wazazi wao watalipia. Wetu ndio watabaki na masikio mazuri na kazi ya kuimba kile ambacho wengine wameandika.

Kusoma muziki si jambo la matajiri. Nenda Korogocho, karibu na jalala la Dandora, ambako mpango wa Ghetto Classics umekuwa ukifundisha tangu 2008. Watoto wanapiga fidla na tarumbeta na wanasoma kila noti iliyo mbele yao. Walichopata ni mwalimu, ala, na mtu aliyeamini wanaweza kuanza mapema.

Kwa hiyo mzazi mwenye mtoto wa Gredi ya 9 anayeimba mpaka akiwa bafuni, usianze na swali la kazi. Nenda kwenye shule mnayotaka kuichagua, uliza alichouliza yule mama wa Gikomba, kisha uombe uonyeshwe chumba cha muziki, uone ala zina vumbi au hazina.

Tulipofikia

Kijana sasa anaandika nyimbo za vipimo vinane bila solfa. Midundo bado inamsumbua pale noti ndefu inapovuka mstari wa kipimo. Doh inapohama, sikio lake linajua imehama kabla yangu, lakini kutaja imehamia wapi bado anabahatisha, na Jumamosi ijayo hiyo ndiyo kazi yetu: kutoka G kwenda D, kutoka G kwenda E ndogo, mpaka azoee.

Ukurasa wa babu umekamilika. Una mistari minne: sauti, nyuzi, pete, njuga, na mshale mmoja kwa kila ubeti. Alimpigia simu kumweleza. Mzee alicheka, kisha akauliza kama kuna mtu anaweza kupiga wimbo wake kutoka kwenye karatasi hiyo bila kuwahi kumsikia yeye, maana angependa kujua utakuwa umebaki na nini.

Mimi pia ningependa kujua. Tunatafuta mtu hapa Nairobi anayepiga nyatiti na anayesoma mistari. Kama unamfahamu, au kama ni wewe, niandikie. Jumamosi mchana huwa tuko kanisani mpaka jioni, na nauli yako tutairudisha.